Krismasi Tuliyongoja Kengele ya Tatu

Kwetu Taita, miaka ile ya hamsini, Krismasi haikuanzia kanisani. Ilianzia Voi, kwenye baraza la duka la Mhindi, mbele ya fundi cherehani. Mvua za vuli zikishashika, fundi yule alikuwa mkubwa kuliko Bwana DC. Wanaume wenye mishahara, ambao nyumbani kwao hawakumwamkia mtu mpaka waamkiwe, walisimama mbele ya cherehani yake wakitabasamu kama watoto wanaoomba sukari. Yeye aliwapima huku ameuma pini mdomoni, na kila aliyeuliza suti yake itakuwa tayari lini aliambiwa, "Kabla Yesu hajazaliwa."

Mimi nilikuwa karani wa ghala katika shamba la makonge nje ya Voi, kwa hiyo nami nilisimama pale na kutabasamu. Nilikuwa na sekondari kidogo, ile inayomtosha mtu kudharau wenzake lakini haimtoshi kuwaongoza. Niliidharau shughuli yote ile, nikaidharau tena nikiwa nimenyoosha mikono kama kuku wa kuchomwa ili nipimwe kifua. Kifua chenyewe hakikumpa fundi kazi nyingi. Tumbo ndilo lililomfanya arudie kamba ya kupimia.

Suti haikuwa fikira yangu. Ilikuwa ya mke wangu, aliyebaki nyumbani upande wa Mghange, juu milimani, akilima na kulea. Alikuwa amenitumia maneno kwa dereva wa lori: nisipande mlima safari hii nikiwa na lile koti la mwaka juzi, maana koti lile lilikwisha kuonekana. Kwetu nguo haikuchakaa kwa kutoboka. Ilichakaa kwa kuonekana.

Niseme tangu sasa kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Likizo ikifika, makarani wenzangu walikwenda Mombasa kutazama meli. Mimi nilikwenda kwangu kutazama paa. Mke wangu alikuwa akiwaambia jirani kwamba nikifa hawatahitaji seremala, watanizika na kiti. Kwa hiyo nilipofika nyumbani mwaka ule, nikiwa na suti ndani ya karatasi, mkate wa boflo, sukari, majani ya chai na makopo ya maziwa, nilitegemea kuketi. Sikuwajua watu wetu, au niliwajua nikasahau.

Nieleze kanisa letu lilivyokuwa, maana bila hilo hamtaelewa kisa. Lilikuwa juu ya kilima, la mawe na mabati, na mlango mmoja tu, nyuma. Ukiingia, benchi zote zinakupa mgongo, na kila shingo inageuka kukutazama. Chini ya kilima palikuwa na kijito. Desemba njia zetu zote ni udongo mwekundu, unaonata kama uji, kwa hiyo watu walitembea pekupeku, viatu wamevitundika shingoni au wamevibeba kichwani. Wakifika kijitoni wanaosha miguu, wanaifuta kwa majani au ncha ya kanga, wanavaa viatu, wanapanda kanisani safi. Ilikuwa busara tupu, na kama ingebakia busara nisingekuwa na la kuandika.

Lakini mtu mmoja, sijui nani, aligundua kwamba anayeingia kanisani wa kwanza hageuziwi shingo na mtu. Aingie mbele ya nani, mbele ya benchi? Gauni jipya linaingia, viatu vinalia ko, ko, ko kwenye saruji, na hakuna jicho. Hasara iliyoje. Ugunduzi ule ukaenea haraka kuliko Injili yenyewe. Baada ya miaka michache hapakuwa na mtu mwenye nguo mpya aliyekubali kuingia kabla ya mwingine. Asubuhi ya Krismasi kijitoni palijaa watu waliokuwa wakiosha miguu iliyokwisha kuoshwa. Walifunga kamba za viatu, wakazifungua, wakazifunga.

Kengele nayo ikaingia katika mchezo huo. Ilikuwa kipande cha reli kilicholetwa kutoka Voi, kimetundikwa kwenye mti uani, na mwalimu wa kanisa alikigonga kwa nyundo. Kengele ya kwanza ilikuwa ya kuamsha watu, ya pili ya kuwaharakisha, ya tatu ya kuanza ibada. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini mwalimu wetu alikuwa mtu mpole, ambaye angeomba radhi kwa kuku kabla hajamfukuza jikoni. Aliona aibu kuanza na benchi tupu. Akawa, kabla ya kugonga ya tatu, anachungulia chini kijitoni. Akiona bado wanafunga kamba, anangoja. Kwa hiyo kwetu watu hawakuifuata kengele. Kengele ndiyo iliyofuata viatu.

Nyuma ya upuuzi huu kulikuwa na jambo lisilokuwa upuuzi.

Binamu yangu alikuwa amefariki, akamwacha mjane na watoto wawili. Mvulana alifariki mvua zilizofuata, kabla hajabatizwa. Asiyebatizwa hakuzikwa uani kwa kanisa, wala hakugongewa kengele. Alizikwa chini ya migomba ya mama yake, na watu wakarudi makwao wakizungumza habari za maharagwe. Akabaki msichana mdogo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema, na kila mvua zikija alikohoa kikohozi kile kile cha kaka yake. Mama yake alitaka jambo moja tu: mtoto abatizwe. Hakuficha sababu. Alisema, "Huyu sitamweka migombani."

Ungedhani ni jambo rahisi. Lakini kubatiza ni kazi ya mchungaji, na mchungaji alikuwa mmoja kwa makanisa mengi ya milimani, akizunguka na baiskeli ambayo aliisukuma zaidi kuliko ilivyombeba. Kwetu alifika Krismasi, kisha baada ya Pasaka kama njia zilimruhusu. Ukikosa Krismasi, umebaki na kikohozi na matumaini.

Na Krismasi mbili zilikuwa zimekwisha kupita. Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, alikuwa amemweleza masharti. Mtoto awe na gauni jeupe na viatu. Awe na wasimamizi wawili, na wasimamizi ndio wanunuao gauni. Na baada ya ibada nyumba ya mtoto iwanyweshe chai na mkate waumini wote. Masharti haya hayakuwa katika kitabu chochote cha sala nilichowahi kukishika, na nilivishika vingi kwa kukosa cha kusoma. Yalitoka pale pale kijitoni. Lakini hakuna aliyekubali kumsimamia mtoto wa mjane, maana kusimama mbele ya Mungu kulikuwa kumepanda bei.

"Tunamsaidia," mwenyekiti alituambia siku ile nilipofika, alipopita kwetu kuangalia kama suti imekuja. "Hatutaki aje aaibike mbele za watu."

"Na mbele za Mungu?" nikamuuliza.

"Mungu anamjua. Watu ndio wabaya."

 Hata sasa naona kwamba ndilo neno la kweli alilosema mwaka mzima.

Mjane mwenyewe nilikutana naye njiani, amebeba kuni. Kwa kuwa ni mke wa binamu yangu tulikuwa mashemeji, na mashemeji kwetu hutaniana.

"Shemeji," akasema, "nasikia umekuja na suti."

"Nimekuja nayo. Nimeingia, haifungi."

"Fungua kitambi wewe, suti haina makosa." Akatua kuni, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mchungaji anakuja kweli?"

"Anakuja."

"Nitampeleka hivyo hivyo. Wakinifukuza, na wanifukuze yeye akiona."

Siku ya Krismasi kulipambazuka na ukungu, na manyunyu yale ya kwetu yasiyoanza wala kuisha. Mke wangu alinivalisha sweta kuukuu lililotoboka kiwiko na gambuti za shambani, akatia suti ndani ya foronya, akajitwika kichwani.

"Utavaa kijitoni," akasema. "Sitaki matope."

"Na tope likinikuta mimi?"

"Wewe si mpya."

Tukashuka na kikapu chetu cha chakula. Kila nyumba ilibeba kikapu, maana baada ya ibada watu walikula uani kwa kanisa, kila ukoo kwenye mkeka wake, na vikapu havikufunikwa. Mkate wa boflo ulikaa juu, umechungulia nje kama mtoto dirishani. Kimanga, ambacho ndicho chakula chetu hasa, maharagwe na mihogo vilivyopondwa pamoja, kilifichwa chini kabisa kama mhalifu, ingawa ndicho tulichokuwa tukienda kushiba.

Kijitoni tulikuta nusu ya milima ya Taita. Mwenyekiti alikuwa na kofia ya maua iliyotoka Mombasa, ameikinga na jani la mgomba ili isinyeshewe, kwa hiyo yeye alinyeshewa na kofia ikapona. Karani mmoja wa bandari alikuwa amebeba santuri kichwani, imevikwa koti la mvua, na mwenyewe hana koti. Nikamuuliza ataipiga kanisani?

"Aa, bwana. Nimekuja nayo tu."

"Ikasali?"

"Ikaonekane," akasema bila kuona haya, na nikamheshimu kidogo.

Kengele ya kwanza ikalia. Hakuna aliyeinuka. Wanawake walizidisha poda, wanaume walikaza tai, na kila mmoja alimkaribisha mwenzake apande kwa adabu ambayo hatukuwa nayo siku nyingine.

"Tangulieni, mama."

"A-a, nyinyi mna watoto, tangulieni."

"Mimi kiatu hiki kinanibana, acha nikipoze."

Katikati ya adabu hizo akapita mjane. Alikuwa pekupeku, kanga yake imefuliwa mpaka maua yamekwisha, mtoto mgongoni. Aliosha miguu mara moja, hakukaa, akaanza kupanda.

"Mama," mwenyekiti akamwita kwa upole, "kengele ya tatu bado."

Mjane akageuka. "Mimi sina cha kuvaa. Nitangoja nini?"

Akaendelea kupanda. Watu wakatazama maji. Kisha mtu akasema kiatu cha fulani ni ngozi hasa, na mazungumzo yakarudia uhai wake.

Nilisimama pale mpaka sweta likalowa. Mke wangu alikuwa bado hajaona nafasi nzuri ya kunivalisha, maana nyuma ya kichaka palikuwa na foleni ya wanaume wenye suti kwenye foronya. Nikaanza kuondoka.

"Unaenda wapi?"

"Kukaa."

"Kaa kwenye jiwe."

"Jiwe halina paa."

"Na suti?"

"Ikitangulia kuvaliwa na mtu mwingine, mwambie abane pumzi."

Hivyo ndivyo nilivyofika kanisani Krismasi ile. Sikwenda kwa Mungu. Nilienda kwa benchi.

Ndani palikuwa na wazee wachache, wale ambao watoto wao waliokuwa kazini walisahau kuwanunulia kitu na kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuchelewa. Nilikaa kando ya mzee mmoja asiyeona vizuri, karibu na mlango, ili niwe wa kwanza kutoka. Mjane alikuwa benchi la nyuma kabisa, pembeni. Mchungaji alikuwa mbele, kanzu nyeupe juu na tope chini, kwa maana alikuwa amefika kwa miguu yake na hakuona sababu ya kuificha. Alikuwa akizungumza na mwalimu wa kanisa, na kwa kuwa kanisa lilikuwa tupu tulisikia yote.

"Kengele imelia?"

"Ya kwanza, Mchungaji."

"Ziko ngapi?"

"Tatu."

"Zinapishana kwa muda gani?"

Mwalimu akatazama vidole vya miguu yake. "Inategemea, Mchungaji."

"Inategemea nini?"

Mwalimu hakuweza kusema inategemea viatu. Mchungaji akaenda mlangoni, akatazama bondeni kwa muda mrefu. Aliporudi hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nina makanisa mengine leo, na mlima katikati," akasema. "Waliopo ndio waliokuja. Tuanze."

Nimeimba nyimbo za Krismasi maisha yangu yote, na kwa kawaida huimba kama watu wengi waimbavyo: nafungua mdomo, wengine wanatoa sauti. Asubuhi ile haikuwezekana. Tulikuwa wachache mno. Ukinyamaza, wimbo unachechemea. Nikajikuta naimba kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo sikuwa nimeisikia tangu shule, na si sauti nzuri. Lakini mabati yalikuwa yakilia kwa manyunyu, wazee walikuwa wameshika mstari kama watu walioshika kamba ya ng'ombe, na nikaimba. Mchungaji alisoma habari ya zizi na wachungaji wa kondoo. Mahubiri yake yalikuwa mafupi. Alisema waliomwona yule mtoto kwanza walikuja kutoka kazini, na hakuna aliyewaambia wakabadili nguo. Akafunga kitabu. Nilitazama gambuti zangu nikaona kwa mara ya kwanza zimetajwa kwenye Maandiko.

Kisha akauliza, "Yupo wa kubatizwa?"

Mjane alisimama polepole. "Yupo, Mchungaji. Lakini hana gauni."

"Nabatiza gauni?"

"Na hakuna chai."

"Maji yapo?"

Mwalimu akasema yapo, bakulini.

"Basi hicho ndicho ninachohitaji. Wasimamizi wake wako wapi?"

 Mjane angeweza kujibu swali lolote siku ile isipokuwa hilo. Aliinama, akaanza kumfunga mtoto upya mgongoni, kama mtu aliyekwisha kuambiwa aende.

Ningependa kuandika kwamba Roho alinigusa. Ukweli ni kwamba yule mzee wa kando yangu alitaka kusimama, na kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu alinishika mkono, akanivuta, tukainuka wote wawili. Mzee alikusudia. Mimi nilivutwa. Mchungaji alipotuona tumesimama akasema, "Vema. Njooni mbele."

Ningeweza kukaa. Kama kuna kazi moja ninayoiweza duniani, ni hiyo. Nilimtazama mjane, naye ananitazama, kitambaa cha kumfungia mtoto bado kiko mkononi, hajakikaza wala hajakifungua. Sikukaa. Nilimshika mzee mkono tukaenda mbele, gambuti zikilia fyu, fyu, na hakuna aliyegeuza shingo, kwa kuwa waliokuwepo walikuwa wamefumba macho wakiomba.

Nikaulizwa kama naikataa dunia na fahari yake. Nilisema naikataa. Lilikuwa jibu rahisi. Fahari yangu ilikuwa kijitoni ndani ya foronya. Mchungaji akamwaga maji, akatamka jina, na mtoto akakohoa, akapiga chafya, akamtazama mchungaji kama mtu aliyekosewa adabu. Maji yalikuwa ya baridi, na kanga ya mama ilikuwa imelowa kwa manyunyu. Nikavua sweta nikamfunika nalo. Likamfika miguuni. Mama yake akamkumbatia na lile sweta, akaweka shavu juu ya tundu la kiwiko.

Mwalimu wa kanisa akatoka kwenda kugonga kengele, kama ilivyo desturi mtu akibatizwa. Aligonga kwa nguvu kuliko kawaida yake.

Bondeni, kama tulivyokuja kuambiwa, watu waliisikia wakasema, "Ya pili hiyo," wakakaa.

Meza ya Bwana ikaandaliwa, tukapiga magoti, tukabarikiwa, na ibada ikaisha. Mwalimu akatoka tena akagonga ya kufungia. Bondeni wakasema, "Haya, ya tatu." Safari hii hapakuwa na njia ya kukaribishana, wakaja wote kwa pamoja, wamebanana, kila mtu akijaribu kubaki nyuma katika njia isiyokuwa na nyuma. Sisi tulikuwa tukitoka. Tukakutana mlangoni, mjane mbele na mtoto ndani ya sweta langu, na kofia ya maua mkabala naye.

"Mnakwenda wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kwetu," mjane akasema. "Tumekwisha kusali."

 Mwenyekiti akamtafuta mchungaji kwa macho.

"Mchungaji, kengele tatu ndizo hizi."

"Mimi nilianza na moja. Sikujua kama mnahesabu."

"Lakini tumekuja wote. Tumejiandaa. Turudie basi."

"Mama, niko njiani. Ninavuka ule mlima, ibada nyingine iko upande wa pili. Anayetaka kusali anifuate, nafasi ipo."

Watu wakatazama mlima, wakatazama viatu vyao. Wanawake wawili tu, na kijana mmoja wa reli, walivivua wakamfuata. Namwandika kwa heshima yule kijana. Suti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Waliobaki walisimama uani na vikapu vyao kama abiria walioachwa na treni. Mchungaji, ameshika baiskeli, akageuka kama aliyekumbuka kitu.

"Mtoto amebatizwa. Si desturi yenu kunywa chai kwa mama yake?"

"Ndiyo," mwenyekiti akasema, kwa mazoea, kabla hajafikiri.

"Vema. Desturi nzuri. Msimwache mama huyu aaibike."

Akaenda zake. Mjane alinong'ona, "Shemeji, kwangu kuna kikombe kimoja."

Lakini ilikuwa imekwisha kusemwa mbele za watu, na watu, kama nilivyofundishwa, ndio wabaya. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kurudi nyumbani na kikapu kilichojaa. Tukashuka sote kwa mjane, msafara mzima, viatu vinazama, na pale mlangoni mashindano yakaanza upya, ila sasa yalielekea upande mwingine. Mmoja akatua boflo moja. Aliyemfuata akamwona, akatua mbili. Mwenyekiti akatua sukari yake yote, akakisogeza kifurushi mbele kidogo ili kisizibwe na cha mwingine. Kijumba kile kilipata Krismasi ya nyumba kumi, na sidhani kama kulikuwa na upendo wa kutosha kujaza kijiko. Watu wetu wangeweza kushindana hata kuingia kaburini.

Mke wangu alinikuta uani, nina fulana na gambuti, natetemeka.

"Umesimama mbele ya Mungu hivyo?"

"Hakuuliza."

"Na umekuwa msimamizi bila kuniambia."

"Ningekuambia. Ulikuwa unashika foleni ya kichaka."

Akanitazama. Nikangoja mvua ya maneno. Badala yake akachungulia ndani ya nyumba, akaona watu wamejaa, chakula kimerundikwa, na mtungi mtupu. Hakuna aliyekumbuka kwamba chai ni maji. Akavua viatu vyake vipya, akavitupa kando ya mlango bila kuangalia vimeangukia wapi, akachukua mtungi akashuka bondeni. Akina mama wengine wakamtazama. Mmoja akavua. Mwingine akavua. Mwishowe mwenyekiti naye akavua kofia, akamkabidhi karani wa santuri, akashika ndoo. Hilo la maji halikuwa mashindano. Matope yalikuwa mengi mno kwa mtu kushindana. Ndilo pekee la siku ile ninalolikumbuka bila kucheka.

Wakala, wakanywa kwa zamu katika vikombe vya kuazima, wakaanza kuondoka. Alasiri tulibaki sisi wa ukoo. Mjane alikuwa amekaa kizingitini, mtoto mapajani.

"Shemeji," akasema, "sikuuliza kanisani. Msimamizi kazi yake nini hasa?"

"Kumfundisha mtoto sala. Na imani. Mpaka akue."

"Anamfundisha kutoka kitini kwake?"

Nilitazama kilima kilicho kati ya kwetu na kwake, jinsi kilivyosimama wima bila huruma. "Nitakuja nikiwa likizo."

"Na kama hauko likizo?"

"Atakuwa akija mke wangu," nikasema.

Mke wangu, aliyekuwa akisugua sufuria, hakuinua kichwa. "Nitakuja naye. Nikiwa mbele, namvuta kwa kamba."

"Basi anza," mjane akasema. "Huyu hana muda wa kungoja likizo." Alisema kwa utani, lakini mkono wake ulikuwa juu ya kifua cha mtoto, ukisikiliza.

Nikaketi chini, kwenye udongo, kwa kuwa kiti hakikuwepo. Mtoto akasogezwa mbele yangu, ndani ya sweta. Nilijaribu kukumbuka mimi mwenyewe nilifundishwaje, nikakumbuka fimbo tu.

"Sema, Baba yetu," nikamwambia.

Akanitazama, akakohoa.

"Baba," nikasema.

"Baba," akasema.

"Yetu."

"Baba," akasema tena, amekazana. Hakuwa na neno hilo nyumbani kwao na hakuwa tayari kuliachia. Mama yake aligeuza uso akaangalia migomba. Nikalirudia. Akalirudia. Tulikaa kwenye neno lile la kwanza mpaka mvua ikaanza tena, na hakuna aliyetuharakisha kwenda kwenye la pili.